Waya wa juu jamani, waya wa juu!

Najua nimepotea, mitihani ilinikaba koo na baridi ya Toronto nayo mnaijua. Leo sina stori ya mapenzi wala ya chakula cha kantini. Nina hasira na vitanzi vya reli.

Wanaonijua wanajua kwamba kila Jumamosi jioni nashuka kwenye kile chumba cha chini ya bweni ambako kikundi chetu kinatengeneza tramu ndogo. Tuko watu tisa. Mwenzangu wa chumbani anasema nimekosa kazi, na huenda ana haki yake. Tramu zenyewe ni za kipimo cha 1:87, yaani reli ina upana wa milimita 16.5 tu. Wamarekani huziita toroli, ila nikiandika hivyo mtu wa Kariakoo atadhani nabeba zege.

Sasa Jumamosi hii tunapiga kura. Mfukoni tuna dola 120, na baada ya wiki tatu ni siku ya wageni, watoto watajaa humo ndani. Swali ni moja: hizo hela tuziweke wapi ili tramu zigeuke zenyewe mwisho wa njia bila mtu kuzigusa?

Kwanza niwape picha. Tramu za mji huu zina chumba cha dereva upande mmja tu, mbele, na milango iko kulia tu. Kwa hiyo zikifika mwisho, kwa mfano pale Neville Park, lazima zizunguke kitanzi ndipo zirudi mjini. Melbourne hawana shida hiyo, kule dereva anahamia upande wa pili na safari inaendelea. Sisi tumeiga Toronto, na njia yetu ni moja tu imelazwa kwenye rafu ndefu ukutani, kitanzi huku na kitanzi kule, na katikati pana pa kupishana.

Kitanzi cha namna hiyo kinahitaji swichi moja ya reli. Sisemi swichi ya taa, nasema pale ulimi wa reli unaposogea kuipeleka tramu kushoto au kulia. Tramu inaingia kwa tawi la kulia, inazunguka, inatokea kwa tawi la kushoto. Rahisi. Tatizo ni umeme.

Kwenye mtindo wetu wa sasa reli moja ni chanya na nyingine hasi. Ifuate reli ya kushoto kwa kidole: inaingia kitanzini, inazunguka, ikirudi kwenye swichi inakutana na reli ya kulia. Shoti! Ndiyo maana lazima ukate reli, ukitenge kitanzi, halafu tramu ikiwa ndani ugeuze umeme wa njia kuu kabla haijatoka. Kwa tramu moja unaweza kuishi hivyo. Kwa tramu mbili ni msiba. Mwezi uliopita nilikuwa mimi kwenye kitufe. Tramu ya kwanza iko kitanzini, nikageuza umeme ili itoke, nikasahau kwamba ya pili iko njiani inakuja. Umeme umegeuka, nayo ikaanza kurudi kinyumenyume, ikafika kwenye swichi ya kupishania, ikapanda ulimi, ikaanguka kutoka rafuni mpaka sakafuni. Ilikuwa PCC ya sentimita 16 aliyoichonga kwa mkono mzee mmoja wa kikundi, dereva mstaafu wa hizo hizo tramu. Hakusema neno. Aliokota vipande akavifunga kwenye leso. Afadhali angenitukana.

Basi bwana, ndiyo maana nasema tununue waya. Reli zote mbili ziwe upande mmoja wa umeme, na upande wa pili upite kwenye waya wa juu, kama tramu za kweli. Tramu inachukua umeme kwa upondo wake, unarudi kwa magurudumu. Hapo reli ya kushoto ikikutana na ya kulia ni ndugu wawili wamekutana, hakuna shoti, hakuna kukata. Na uzuri mkubwa zaidi: tramu inakwenda mbele tu, iwe inaelekea mashariki au magharibi, manake kwa mota yake waya haujabadilika. Hakuna wa kugeuza kitu. Nisingeweza kuiangusha ile PCC hata kama ningetaka.

Swichi nayo haihitaji mota. Weka waya mwembamba wa chuma, kama ule wa gitaa, uusukume ulimi ukae kulia muda wote. Tramu inayoingia inakwenda kulia, inayotoka inausukuma ulimi kwa magurudumu yake, ikishapita ulimi unarudi wenyewe. Springi iwe laini tu, ikiwa kali tramu nyepesi itapanda reli badala ya kuusogeza ulimi.

Wenzangu wa kompyuta wanataka mfumo wa kidijitali na kifaa kinachogeuza umeme wa kitanzi chenyewe. Sikatai, kinafanya kazi, tena vizuri. Ila kila tramu inataka chipu yake, tunazo sita, na dola 120 ni zile zile. Halafu wanasema waya wa juu ni kazi ngumu. Ni kweli. Nguzo lazima zisimame, kona ya sentimita 15 inataka waya uvutwe vipande vipande kuelekea nje, kulehemu ni kwa mkono usiotetemeka, na pale njia zinapogawanyika upondo hupenda kuchomoka. Lakini hizo ni wiki tatu za jasho, na jasho tunalo. Hela ndiyo hatuna.

Nimehesabu kura: wanne wangu, wanne wao. Amebaki mzee wa PCC, ambaye tangu siku ile hajashuka chumbani. Kesho nakwenda kwake kumpa pole upya na kumwomba aje. Nimenunua gundi na rangi ile ile nyekundu, kama atakubali niitengeneze mbele yake.

Ngoja nikamalize ripoti ya maabara, inatakiwa saa tatu asubuhi na sijaanza.