Stade ilimalizika kwa tarehe, nyumba hapana



Tangu CAF ilipotoa AFCON ya 2027 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, mwezi wa 9 mwaka 2023, kwenye mikutano yetu ya sindika kuna swali moja haliishi. Kijana anasimama, anasema: tazama Hoima kule Uganda, ni muji wa petroli, si muji mukubwa, leo iko na stade mupya ya viti 20,000. Na sisi wenye kutoa shaba na kobalti ya dunia nzima, juu ya nini hatuna? Watu wanapiga mikono. Mwingine anaongeza: komini inapokea feza ya redevance, ijenge basi.

Hatukatai mupira. Mutu aliyeona Mazembe inafika finali ya ma-club ya dunia pale Abu Dhabi, mwaka 2010, hatakubali mutu amwambie mupira ni mambo ya bure. Lakini ule mwaka wa 2010 uko na hadisi ingine, ya muji wa mine wenye kufanana na yetu, na ile hadisi hatuisikii sana. Ni ya Rustenburg, Afrika ya Kusini.

Rustenburg iko magaribi ya Pretoria. Chini ya udongo wake kuko platini. Kuko mashimo marefu, kuko watu waliotoka mbali kutafuta kazi, kuko vibanda vya mabati pembeni ya mine, kuko balabala ambamo makamio ya mine yanapita kila siku. Tunaijua ile picha. Wakati Kombe la Dunia ilifika, tarehe 11 mwezi wa 6 2010, ilichezwa ndani ya miji 9 na ma-stade 10, na Rustenburg ilipata mechi 6. Pale njo kipa Green wa Uingereza aliacha mupira wa Wamarekani ukamupita, ikawa 1-1. Pale njo Ghana ilitoa Marekani kwa 2-1. Timu ya Uingereza yenyewe ililala pale pale, Phokeng, pembeni ya muji.

Stade si ya komini. Ni ya Bafokeng, watu wenye udongo ule tangu zamani, wenye kupata feza kutoka platini inayochimbwa chini yao. Waliifungua 1999, na kwa 2010 ilipanuliwa tu. Kwa hiyo Rustenburg haikuanza kwa sifuri sawa Nelspruit ao Polokwane. Deni ya kulinda ile nyumba kubwa kisha mechi kuisha haikuangukia komini. Ni bahati, lakini ni akili pia, tuseme kweli.

Komini sasa ilifanya nini? Kwanza iliweka sinyatiri. Mwaka 2006 kila muji wenye kupokea mechi ulitia mukono kwenye mukataba na FIFA. Watu wengi wanafikiri kupokea Kombe ni kupokea wageni. Hapana, ni kupokea masharti. Muji unaahidi balabala, taa, usafi, usalama, mahali pa watu kutazamia mechi kwenye ekrani kubwa. Unaahidi tena kwamba karibu na stade hakuna mutu atakayetangaza wala kuuzisha kitu bila ruhusa. Kisha komini zilipitisha sheria zao ndogo juu ya kuuzisha barabarani na juu ya matangazo, ili maneno ya mukataba yawe na nguvu ya kukamata mutu. Mama mwenye kupika bukari, wao wanaita pap, aliyezoea kuuzishia watu siku ya mechi, akakuta ile sehemu imefungwa. Hata wanawake wamoja wa Uholanzi walikamatwa ndani ya Soccer City, Johannesburg, juu ya kuvaa marobo ya rangi ya machungwa ambayo yalikuwa ya kutangaza Bavaria, pombe isiyolipa FIFA. Kama Muzungu mwenye tikiti anakamatwa juu ya robo, mama wa bukari atasema nini?

Juu yake, serikali ya Pretoria iliihakikishia FIFA kusamehewa kodi nyingi. Ile miaka ine, 2007 mpaka 2010, FIFA ilifunga hesabu na faida ya dola milioni 631. Hatusemi waliiba. Tunasema mukataba uliandikwa vile, na walioutia mukono walikuwa watu wazima.

Sasa tufike mahali penye kutuuma sisi watumikaji wa mine.

Mwaka 2006, ule ule mwaka wa mikataba ya FIFA, kampuni ya platini Lonmin, yenye mine pale Marikana karibu na Rustenburg, ilikuwa na ahadi yake. Sheria ya mine ya Afrika ya Kusini inataka kila kampuni iandike mupango wa mambo ya jamii na ya watumikaji, na ule mupango ni sharti ya kupata haki ya kuchimba. Lonmin iliandika: tutajenga nyumba 5,500 za watumikaji, zitaisha 2011. Kisha mwezi wa 8, tarehe 16, mwaka 2012, polisi waliua watumikaji 34 pale Marikana, waliokuwa kwenye mugomo wa kuomba mushahara wa randi 12,500. Serikali ikaunda tume, ya judge Farlam. Ile tume ilipochunguza namna watu walivyokuwa wanaishi, ilikuta ndani ya zile nyumba 5,500 kumejengwa 3. Tatu tu, na zilikuwa za kuonyesha wageni.

Kampuni ilijitetea kwa krizi ya 2008, kwamba bei ya platini ilianguka. Ile krizi sisi tunaijua. Mwisho wa 2008 ma-mine mingi hapa Katanga ilifunga milango, watu wakarudi nyumbani na mifuko mitupu. Lakini fungua macho: krizi ilikuwa moja, inchi moja, sehemu moja, na stade ya Phokeng ilikuwa tayari kwa mechi ya kwanza. Ma-stade yote 10 yalikuwa tayari. Krizi ilijua kuchagua?

Sisi tunaona hivi. Stade iliisha kwa sababu ilikuwa na tarehe, na nyuma ya tarehe kulikuwa mutu mwenye kuweza kuadhibu. FIFA ilikuwa inatuma watu wake kutazama kazi, na muji wenye kuchelewa unaweza kupoteza mechi mbele ya dunia nzima. Nyumba pia zilikuwa na tarehe, 2011, tena ndani ya karatasi ya sheria. Lakini mwenye kuadhibu hakuonekana. Wizara ilikuwa na nguvu ya kugusa haki ya kuchimba, na haki haikuguswa. Tarehe isiyo na adhabu ni sawa kalenda ya mwaka uliopita, inabaki tu kwenye ukuta.

Mambo ya watumikaji wenyewe wa kujenga ma-stade yanafundisha kitu kingine, na hapa sisi wa sindika tunapenda kukaa. Tarehe 8 mwezi wa 7 2009, watu karibu 70,000 wa kazi za kujenga waliweka vyombo chini. Ma-stade ilisimama, na njia ya treni ya mbio ya Gautrain ilisimama. Na nani alikuwa mbele? NUM, sindika ya wachimba mine, kwa sababu kule inachukua pia watu wa kazi za kujenga. Waliomba 13%. Wiki moja tu, wakapata 12%. Patro wa kujenga hakuwaongeza kwa huruma. Alikuwa na miezi 11 mbele yake, na kila siku ya mugomo ilikuwa inamukaribisha na aibu.

Weka pembeni yake watu wa ulinzi wa ma-stade. Tarehe 13 mwezi wa 6 2010, Durban, kisha Ujerumani kupiga Australia 4-0, mamia ya walinzi walilalamika kwamba wamepewa feza kidogo kuliko ile waliyoahidiwa. Walikuwa watu wa siku chache, waliochukuliwa na kampuni ya katikati, ile tunaita hapa sous-traitance. Polisi walipiga gazi ya machozi. Siku zilizofuata, ulinzi wa ma-stade kadhaa ulichukuliwa na polisi wenyewe, mechi zikaendelea, na mutu wa televizio nyumbani hakuona kitu. Wengine watasema: lakini wakati wa mechi njo mutumikaji iko na nguvu zaidi, dunia inatazama. Sisi tunaona kinyume. Mechi ikianza, serikali iko tayari na polisi wote, na mutu wa sous-traitance anabadilishwa asubuhi moja. Nguvu iko mbele, wakati simenti ingali mbichi.

Wauzishaji wa Durban walielewa vile. Mwaka 2009 muji ulitaka kubomoa soko lao la asubuhi la Warwick, lililokuwa pale tangu 1910, ili kujenga mangazini kubwa ya kisasa mbele ya Kombe. Hawakungoja wageni wafike. Walijiunga, walienda tribinali, walikataa kutoka. Soko lilibaki.

Nelspruit ilikuwa kizito zaidi. Kwa kujenga stade, masomo mbili zilichukuliwa, na watoto wakapelekwa kusomea ndani ya makalasi ya muda. Udongo wa wenyeji ulitaka kununuliwa kwa randi 1, mpaka judge akakataa. Jimmy Mohlala, aliyekuwa anasimamia vikao vya baraza la ule muji na aliyesema wazi juu ya namna kazi za stade zilivyogawanywa, alipigwa risasi nyumbani kwake mwezi wa kwanza 2009, akafa. Kwa mechi 4.

Na kisha mechi? Cape Town ilijenga stade kwa zaidi ya randi miliari 4. Kampuni iliyotakiwa kuiendesha miaka mingi, ambamo kulikuwa pia Wafaransa wa Stade de France, ilifanya hesabu ikaona hasara. Mwezi wa 10 2010, miezi mitatu kisha finali, ikaacha. Stade ikabaki mikononi mwa muji, ni kusema mikononi mwa wenye kulipa kodi ya muji.

Turudi kwetu. Kodi ya mine ya 2018 inagawanya redevance: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provinsi, 15% kwa komini, sekta ao shefferi penye mine inachimba, na 10% kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Ile 15% njo watu wanataka ijenge stade. Tunajua juu ya nini burgumestri anaweza kupenda lile wazo. Stade inaonekana kutoka mbali, inafunguliwa kwa siku moja, iko na jina kwenye ukuta. Muferji wa kutoa maji ya mvua hauna jina. Lakini stade inaendelea kukula hata siku isiyo na mechi. Nyasi zinaomba maji kila siku, na tuko na kartier ambako robine inatoa hewa. Taa, walinzi, rangi, vyoo. Mbele ya komini kuweka sinyatiri, tuombe karatasi yenye kusema ni nani atakayelipa ile mwaka wa pili, na mwaka wa kumi. Kama stade ni ya provinsi, ao ya club, ao ya kampuni, iandikwe. Watu wa Bafokeng walijua stade yao ni ya nani.

Na komini zetu sasa zina watu wa kuuliza. Mwezi wa 12 2023, ndani ya miji mikubwa ya provinsi, kama Lubumbashi na Kolwezi, tulichagua washauri wa komini. Wengi wetu tulipiga ile kura kisha tukaisahau, kwa sababu siku ile ile kulikuwa kura ya Prezida. Wale washauri kazi yao ni kutazama mupango wa feza ya komini. Wanaishi kwenye avenue zetu.

Tuko tena na kitu ambacho kinafanana na ule mupango wa Lonmin. Ni cahier des charges, ambayo kodi ya 2018 inaomba kila kampuni ya mine itie mukono na watu wa jirani: masomo, dispanseri, maji, balabala, na kalenda ya kila kazi. Juu yake kuko 0.3% ya mauzo, ambayo kampuni inapashwa kuweka kwa maendeleo ya jamii. Kila mutu anazungumuza redevance, wachache wamefungua ile cahier.

Wajumbe wa sindika wenye kuipata kopi ya mine yao waje nayo kwenye mukutano ujao. Tutaanza na ukurasa wa kalenda. Kazi gani iko na tarehe, tarehe gani imepita, na ndani ya karatasi ni nani anaandikwa kuwa ataadhibu. Kama ile sehemu ya mwisho iko mweupe, tutajua barua ya kwanza tuiandikie nani.