Nahodha amevunjika moyo, na zamu bado haijaisha

Baba anaingia mlangoni saa moja jioni akiwa amekaza uso. Watoto wanamsoma kabla hajavua viatu. Mmoja anapunguza sauti ya televisheni, mwingine anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule. Hakuna aliyeambiwa kilichotokea kazini, lakini nyumba nzima imeshajua kuna jambo. Yule mdogo kabisa, kama kawaida ya watoto wadogo, anaanza kujiuliza amekosea nini.

Baba wa namna hiyo yumo pia kwenye televisheni, mahali ambapo wazazi wengi hawafikirii kumtafuta. Ni kwenye tamthilia ya Marekani ya vyombo vya anga, Star Trek: Deep Space Nine, iliyoanza kuonyeshwa Januari 1993 na kumalizika mwaka 1999 baada ya misimu 7. Wengi hupita mbali na tamthilia za aina hii wakidhani ni za watoto wa kiume wanaopenda bunduki za mwanga. Bunduki zipo, na viumbe wenye paji la uso la ajabu wapo pia. Lakini katikati ya hayo yote kuna mwanamume mjane anayelea mtoto peke yake huku akiwa na kituo kizima cha anga cha kuongoza. Jina lake Benjamin Sisko. Aliigizwa na Avery Brooks, mwigizaji wa kwanza mweusi kuwa kinara katika tamthilia yoyote ya Star Trek, ambaye pia alikuwa mhadhiri wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Rutgers.

(Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya ziada ya kuijali familia hii ya tamthilia. Katika ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1966, afisa wa mawasiliano aliitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu "uhuru", na Kiswahili chenyewe kilisikika humo.)

Sisko hakukitaka kituo alichopewa. Hilo ndilo jambo la kwanza mtazamaji analolijua kumhusu. Miaka mitatu kabla, alikuwa afisa wa pili kwa cheo ndani ya chombo kilichoangamizwa vitani. Mke wake, Jennifer, alikufa kwenye vifusi vya chombo hicho. Sisko alikuwa anajaribu kumtoa wakati mwenzake alipomvuta kwa nguvu wakimbilie chombo cha kuokoa maisha, ambako mtoto wao Jake alikuwa tayari ameshapelekwa. Sasa jeshi linamtuma kwenye kituo kibovu kando ya sayari ya Bajor, ambacho wakoloni waliokuwa wakikitawala wamekiacha baada ya kupora kila chenye thamani. Jake analala kwenye vyumba vilivyoharibika. Sisko anamwambia mkubwa wake waziwazi kwamba hapo si mahali pa kulelea mtoto, na kwamba anafikiria kuacha jeshi arudi Duniani akaishi maisha ya kiraia.

Na huyo mkubwa anayemwambia hivyo ni nani? Ni nahodha Picard, ambaye maadui walimteka, wakaitawala akili yake na kumtumia katika vita vile vile vilivyomuua Jennifer. Sisko anakaa naye meza moja, anaitikia kwa adabu ya kijeshi, na macho yake yanasema mengine kabisa. Kila mzazi aliyewahi kuketi kikaoni mbele ya bosi asiyeweza hata kumtazama usoni anaielewa sura ile.

Mwisho wa kipindi hicho cha kwanza, Sisko anamwomba Picard asahau habari ya kuacha jeshi. Ombi hilo halitokani na huzuni kuisha. Viumbe wasioujua wakati kama sisi tunavyoujua wamemrudisha tena na tena kwenye ile dakika ya vifusi, mpaka akakiri kwa machozi kwamba hajawahi kuondoka pale. Kwa miaka mitatu alikuwa anapika, anafanya kazi, anamlaza mtoto, na moyo wake ulikuwa umebaki ndani ya chombo kinachoungua. Baada ya kulikiri hilo ndipo anapoweza kuipokea kazi iliyo mbele yake.

Lakini kipindi ambacho mzazi angepaswa kukitafuta, kama muda unamruhusu kutazama kimoja tu, ni kile cha mwaka 1996 kiitwacho "For the Cause". Wakati huo Sisko ameshapandishwa cheo kuwa nahodha kamili. Amepata pia mpenzi, Kasidy Yates, mwanamke anayejitegemea, nahodha wa meli ya mizigo ya angani iitwayo Xhosa. Aliyewakutanisha ni Jake mwenyewe, kijana aliyechoka kumwona baba yake akila peke yake. Mambo yanakwenda vizuri. Kisha maafisa wake wa usalama wanamjia na taarifa: wanamshuku Kasidy kwamba anapeleka mizigo kwa siri kwa Maquis, kundi la waasi ambalo serikali yao inapambana nalo.

Hapo ndipo tamthilia inapokuwa ya kweli kuliko nyingi zinazojiita za kifamilia. Sisko anakasirika kwanza. Halafu anaruhusu uchunguzi, kwa shingo upande. Anakwenda kulala akiwa na mwanamke anayemchunguza. Meli ya Kasidy inafuatiliwa kwa siri na inaonekana ikikutana na waasi. Ushahidi umepatikana, na bado Sisko anafanya jambo ambalo nahodha hakupaswa kulifanya: anamsihi Kasidy waende mapumzikoni siku chache, sasa hivi, waache kila kitu. Hamwambii sababu. Anatumaini tu kwamba akikubali, safari ya mzigo itaahirishwa na yeye hatalazimika kumkamata. Kasidy anakataa kwa upole, kwa sababu ana mzigo wa kupeleka.

Sisko anamfuata kwa chombo chake mwenyewe, na huko ndiko anakogundua kwamba ameachwa kwenye mataa. Mmoja wa wale maafisa wa usalama waliomletea taarifa ndiye msaliti halisi. Safari ya Kasidy imetumika kama chambo cha kumtoa nahodha kituoni, na nyuma yake shehena muhimu imeibwa. Kwa siku kadhaa jicho lake lilikuwa kwenye jeraha la nyumbani, na wizi ukapita upande ule asioutazama.

Watazamaji wengine humlaumu kwa hilo, na si bila haki. Ila inafaa kuangalia vizuri kosa lilikuwa wapi. Kumpenda mtu ambaye baadaye alimwangusha si kosa. Tatizo ni kwamba alijaribu kuyatatua mambo mawili kwa ujanja mmoja, ile safari ya mapumziko, ambayo ilikuwa nusu mapenzi na nusu kazi, na haikumsaidia mpenzi wala kituo. Mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto matembezini ili tu kuahirisha mazungumzo magumu anajua matembezi ya namna hiyo yanavyokuwa.

Kasidy, naye, anarudi. Angeweza kutoroka. Wafanyakazi wake anawaacha kwa usalama huko waliko waasi, kisha anarejea kituoni peke yake akijua kinachomngoja. Anasema alikuwa akibeba chakula na dawa tu. Sisko hapigi kelele wala hatoi hotuba juu ya usaliti. Wanaagana kama watu wanaopendana, kisha askari wanamchukua. Katika kipindi kingine mwishoni mwa mwaka huo huo, Kasidy anarudi baada ya kutumikia kifungo cha miezi sita, na Sisko yupo.

Katika kipindi hicho hicho kuna dakika moja fupi ambayo mtazamaji mwenye haraka anaweza kuipita. Sisko, akiwa katikati ya mashaka hayo yote, anakwenda kumwona mwanawe. Hamweleshi siri za uchunguzi, maana hana ruhusa, na Jake ana ukaribu wake na Kasidy. Anachomwambia, kwa maneno machache, ni kwamba mambo yanabadilika, lakini wao wawili hawatabadilika. Basi. Kijana anamtazama baba yake kwa mshangao kidogo, anaona kuna kitu, haulizi zaidi.

Baba yule wa saa moja jioni angeweza kufanya hivyo hivyo. Hakuna anayemtaka awasomee watoto barua ya onyo aliyopewa kazini, au awaeleze kwamba cheo alichokingoja miaka sita kimepewa mtu mwingine. Hayo ni ya watu wazima. Lakini sentensi moja, "leo kazini kumekuwa kugumu, si kwa sababu yenu," inamtoa yule mdogo kwenye mahakama aliyojifungulia kichwani. Mama anayetoka zamu ya usiku wodini ambako mgonjwa wake amefariki naye hana lazima ya kusimulia. Anaweza kusema amechoka na ana huzuni, kisha akaomba nusu saa kabla ya kuulizwa habari za sare na daftari.

Nyumbani kwa Sisko mambo haya hutokea mezani. Baba yake mzazi ana mgahawa New Orleans, na yeye mwenyewe ni mpishi hasa, mtu wa kukata vitunguu na kuonja mchuzi ilhali mashine ya kutengeneza chakula ipo ukutani. Waandishi wa tamthilia hawakuliweka hilo kama pambo. Siku ambazo vita vimemlemea, kijana anajua baba yupo jikoni, na jikoni panaongeleka. Vilevile msimu wa tatu unapoanza, mwaka 1994, Sisko anarudi kutoka Duniani na mkusanyiko wake wa sanaa za kale za Kiafrika uliokuwa umehifadhiwa huko. Rafiki yake anaelewa mara moja maana yake: mtu huyu sasa ameamua kwamba kituo kile asichokitaka ndiyo nyumbani.

Jake naye humwangusha baba yake, kwa namna ya kawaida kabisa. Kila mtu alidhani angefuata jeshi. Katika kipindi cha mapema mwaka 1994, "Shadowplay", anapewa nafasi ya kujifunza kwa fundi mkuu O'Brien kama maandalizi ya chuo cha kijeshi, na anaona aibu kukiri kwamba hataki. O'Brien anamsimulia kwamba yeye mwenyewe baba yake alitaka awe mwanamuziki, na badala yake akajiandikisha jeshini. Jake anapojikaza kumwambia Sisko, anaona baba akinyamaza kidogo kuliko kawaida. Kisha Sisko anamwambia atafute kitu anachokipenda mwenyewe. Kijana anakuwa mwandishi.

Ukimya ule mdogo una thamani yake. Mzazi asiyeonyesha hata dalili ya kuumia mtoto humwona kama asiyejali, na anayeumia kwa wiki tatu humfanya mtoto arudi kwenye uongo. Sisko anaumia kwa pumzi moja, mbele ya mwanawe, halafu anamruhusu.

Ruhusa hiyo ilikuja kumgharimu. Katikati ya mwaka 1997 vita vinaanza, na nahodha analazimika kukiacha kituo mikononi mwa adui. Jake, ambaye sasa ni mwandishi wa habari, anaamua kubaki bila kumwambia baba yake, kwa sababu ndiko habari ilipo. Sisko ana chombo kilichojaa watu na vita vya kupigana. Hawezi kugeuza. Miezi kadhaa baadaye anazungumza na baba yake mzazi kwa mawasiliano ya mbali, na mzee anataka kujua kitu kimoja tu: mjukuu wake yuko wapi, na imekuwaje akaachwa? Nahodha anayeamrisha majeshi anabaki kujitetea kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chenji. Tamthilia haimpi jibu zuri, maana jibu zuri halipo. Askari, madaktari, mabaharia na madereva wa masafa marefu wanaoachia wengine watoto wao wanalijua swali hilo, na kwa kawaida linaulizwa na mtu wa nyumbani anayewapenda.

Kuna jambo moja la nyuma ya kamera linalofaa kujulikana. Katika kipindi cha mwisho, mwaka 1999, Sisko anachukuliwa na wale viumbe wasioujua wakati, akimwacha Kasidy, ambaye sasa ni mke wake, akiwa mjamzito. Kwa jinsi ilivyoandikwa mwanzo, hakuahidi kurudi. Avery Brooks hakulipenda hilo. Aliwaambia watayarishaji kwamba mwanamume mweusi anayemwacha mke mjamzito na kutoweka ni picha ambayo televisheni ya Marekani imeshaionyesha vya kutosha. Walimsikiliza, na tukio likabadilishwa. Sasa Sisko anamwambia mkewe kwamba atarudi, labda mwaka ujao, labda jana, kwa kuwa huko aendako siku hazihesabiwi kama huku.

Baada ya hapo kazi za kituo zinaendelea. Kanali Kira, aliyekabidhiwa uongozi, anapita kwenye varanda ya juu na kumkuta Jake amesimama dirishani akitazama angani, mahali baba yake alipotokomea. Haongei. Anaweka mkono begani mwake na kusimama naye, na kamera inarudi nyuma polepole mpaka dirisha lile linakuwa nukta moja ya mwanga.