Mnaogopa Kinyago Kwenye Gemu, Hirizi Chini ya Mto Hamuioni



Leo tunaweka mishono pembeni. Kuna neno limekuwa likizunguka sana hapa kwetu Magomeni, kwenye benchi la wanaosubiri kupimwa: kwamba gemu za hadithi zenye majini, mizimu na waganga ni shirki, na mama mwenye dini azifute zote kwenye simu na kompyuta za mabinti bila hata kuuliza. Mteja wetu mmoja amekwenda mbali zaidi. Amemnyang'anya binti yake kompyuta ya chuo kwa sababu alikuta humo picha ya kijana mwenye kinyago. Binti anasomea mambo ya kompyuta na mtihani uko mlangoni. Sisi tunasema wazi: hapo haikulindwa dini, imelindwa hofu tu.

Kwanza tujue tunachokisema. Gemu ya hadithi ni kama riwaya yenye picha na sauti. Unasoma maneno, unaziona sura za wahusika, na ukifika njia panda unachagua wewe afanye nini, kisha hadithi inageuka kufuata ulichochagua. Nyingi zinatengenezwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao, kwa programu ya bure kama Ren'Py, iliyoanza mwaka 2004. Majini na mizimu hawakosekani humo, kwa sababu mambo ya ghaibu yanavuta masikio. Ndivyo yalivyotuvuta sisi kwa bibi zetu, umeme ukikatika.

Sisi Waislamu hatukatai kuwa majini wapo. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, sura ya 72. Na Shaaban Robert, Muislamu wa Tanga, aliandika Adili na Nduguze. Mle mna jini anaitwa Huria, na mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Nani alikisoma kitabu kile akatoka akiabudu nyani? Aliyesoma alitoka ameonywa juu ya kijicho. Kusimulia si kuabudu, dada zetu, na aliyeyachanganya hayo mawili ajifunze kwanza kabla hajawahukumu watoto wa watu.

Sasa hicho kinyago kilichomnyima binti kompyuta. Gemu yenyewe ni Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Si ya kusoma tu, ina kuruka na kupigana, lakini moyo wake ni hadithi. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili ya familia yake ni Kenya. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Kijana anaitwa Zuberi, amefiwa na baba, anaachiwa kitabu alichokiandika marehemu. Ndani ya kitabu yumo mganga kijana, Zau, anayetaka kufanya mapatano na mungu wa mauti ili baba yake arudishwe. Na gemu hiyo unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili, lugha yetu sisi.

Tunajua mtasema: "Mungu wa mauti! Si ndiyo hiyo shirki?" Itikadi hiyo si yetu, na hatuombi mtu aifuate. Kwetu mauti yako mkononi mwa Allah peke yake, hakuna wa kupatana naye. Lakini hebu fikirini, mama gani angepata nafasi nzuri kuliko hiyo ya kukaa na binti na kumuuliza: "Zau anataka kumrudisha baba yake. Sisi tukifiwa tunasema nini? Kwa nini tunasema inna lillahi?" Darasa zima la subira na qadar lilikuwa limekaa juu ya meza, mama akalifunika na kulifungia kabatini.

Na hapa ndipo kipimo chenu kinapowaangusha. Ipo gemu nyingine, Doki Doki Literature Club, ya mwaka 2017, iliyotengenezwa kwa hiyo hiyo Ren'Py na kutolewa bure. Picha ya nje ina wasichana wa shule wenye utepe kichwani, wanatabasamu, rangi za waridi, wanaandikiana mashairi. Hakuna kinyago wala jini hapo. Mama anayewinda mizimu akiiona atasema mashaallah, watoto wanasoma. Kumbe ndani yake msichana mmoja anajiua, na mwingine naye baadaye, na wenyewe walioitengeneza wameweka onyo mwanzoni kabisa kwamba haiwafai watoto wala wanaosumbuka kirahisi. Onyo lipo, limeandikwa. Lakini halionwi na mama aliyetafuta mapembe tu. Kwa hiyo cha msiba na subira kimefungiwa, na kinachohitaji jicho la mzazi kimepita na salamu.

Tuseme na lile zito zaidi. Tunashona nguo za maharusi, tunayasikia mengi. Baadhi ya hao wanaopiga kelele juu ya mganga wa kwenye skrini ndio wanaompelekea mganga wa kweli jina la bwana harusi na kipande cha kanga ya bibi harusi. Ndio wanaotutaka tushonee hirizi kwenye pindo la gauni la nikahi, nasi tunakataa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameonya kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi masiku arobaini. Onyo hilo liko juu ya miguu inayokwenda na pesa inayotolewa. Mtoto aliyesoma hadithi ya mganga hajamlipa mganga. Wewe umemlipa.

Na hofu isiyozungumzwa ina gharama. Wazee wa visiwani wanakumbuka mwaka 1995, Popobawa alipotajwa Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Katika taharuki ile aliuawa mtu mgonjwa wa akili, akidhaniwa ndiye. Hakuuawa na jini.

Basi wewe unayeingia nyumbani kwako mwezi ujao, kesho utalea, kama si wako basi wadogo wa mume. Usianze kwa kufuta. Kaa naye nusu saa mtazame pamoja. Soma onyo la mwanzoni. Muulize amechagua nini pale njia panda, na kwa nini. Adhana ikilia gemu isimame, hilo halina mjadala. Lenye uchafu au la kumkatisha tamaa ya kuishi, likatae na umweleze sababu. Na binti akinyamaza kupita kawaida yake, muulize yeye kabla ya kuuliza kompyuta yake.

Huyo mteja wetu tumemwambia haya haya uso kwa uso: dada, mrudishie mtoto kompyuta yake afanye mtihani. Ren'Py ni ya bure. Huenda yeye ndiye atakayetuandikia hadithi yetu, yenye jini wa Kipemba na binti mwenye ushungi anayejua dini yake.

Wabillahi tawfiq.