Angalia mchoro ulio kando ya tundu la redio

Sehemu ya adapta katika makala yenu imepitiwa haraka mno, na hapo ndipo redio nyingi zinapoungulia. Pini kuingia kwenye tundu si dalili kwamba umeme wake unafaa. Redio ya mawe manne inataka volti 6, kwa kuwa kila jiwe lina volti 1.5. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, ambayo ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14, unaiua. Lazima kipunguza volti kikae katikati.

Halafu kuna ule mchoro mdogo kando ya tundu: kitone ndani ya nusu duara, alama ya + upande mmoja na − upande wa pili. Unaonyesha kama chanya iko katikati ya pini au kwenye ganda la nje. Redio kadhaa za zamani za Kijapani huweka hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za sasa. Jamani, msiuruke! Ampea za adapta zikizidi hazina neno, redio huchukua inachohitaji tu.

Kwa sisi wa masafa mafupi, zile adapta nyepesi za kisasa mara nyingi humwaga mkoromo unaofunika stesheni za mbali. Chomoa, washa kwa mawe. Mkoromo ukikatika, mkosaji ni adapta. Ile nzito yenye transfoma kwa kawaida hutulia zaidi, lakini ipime kwa mita kwanza: iliyoandikwa 6 inaweza kutoa 9 ikiwa haina mzigo.