Viza zisivunje kikundi cha ngoma

Julai 1982, tamasha la kwanza la muziki wa dunia la WOMAD lilifanyika karibu na mji mdogo wa Shepton Mallet, Uingereza. Wapiga ngoma wa Burundi walikuwapo, na bendi ya roki ya Echo and the Bunnymen ikapiga nao jukwaa moja.

Kimapato ilikuwa hasara tupu. Mwasisi mmojawapo, Peter Gabriel, alielemewa na madeni hadi wenzake wa zamani wa kundi la Genesis wakakusanyika Oktoba mwaka huohuo kumfanyia onyesho la kumkwamua. Tamasha likapona, na Afrika Mashariki ikaendelea kulitia uhai. Mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, kutoka Tanzania, walialikwa. Mwaka 1989 lebo ya Real World, ya Gabriel huyohuyo, ikatoa albamu yao ya Songs for the Poor Man. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha muziki Bagamoyo, naye akawapelekea ala za ilimba na zeze. Albamu yake, Chibite, ilitoka 1996.

Kwa hiyo wanamuziki wa Afrika Mashariki si wageni wa kuhurumiwa. Ni miongoni mwa waliolijenga tamasha lenyewe.

Inauma basi kuona wanavyohangaishwa wanapoomba viza. Mwaka 2018 Gabriel mwenyewe alilalamika hadharani kwamba wapo wasanii wasiotaka tena kwenda Uingereza kwa sababu ya ugumu wa kupata viza. Mwanamuziki huulizwa akiba yake benki, wakati kipato chake hutokana na harusi na kumbi za usiku. Pasipoti yake inaweza kukaa ofisini wiki kadhaa, na maonyesho ya nchi jirani yakampita.

Afisa wa viza hupima mtu mmoja mmoja. Ngoma za Burundi haziko hivyo. Wapigaji hupanga nusu duara. Katikati hukaa inkiranya, ngoma inayoongoza, na kando amashakwe hushikilia mdundo bila kukatika, huku wachezaji wakipokezana kuruka mbele. UNESCO iliuingiza utamaduni huu katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Akinyimwa viza mpigaji mmoja tu, safu nzima huyumba.

Njia ipo: kikundi kilichoalikwa rasmi kiruhusiwe kuwasilisha ombi moja na kipewe jibu moja, miezi mitatu kabla ya onyesho. Wizara za utamaduni za Tanzania, Kenya na Burundi zina kila haki ya kulidai hilo zinapokutana na mabalozi wa Ulaya.