Maneno Yana Ukoo

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, watoto wa darasa la saba wakiwa wamekwisha kuweka kalamu chini baada ya mtihani wa taifa, huanza katika miji yetu ya Tanzania msimu wa pili wa mashaka, nao ni msimu wa mitihani ya kuingilia shule za sekondari za watu binafsi na za seminari, ambazo hupenda kumpima mtoto kwa mizani yao wenyewe kabla ya kumfungulia mlango mwezi wa Januari. Hapo ndipo vyumba vya tuisheni hufurika, mashine za fotokopi hushinda zikinguruma, na wazazi ambao hawajamaliza deni la ada ya mtoto mkubwa hutoa kibindoni fedha ya kununulia vitini vya msamiati, ambavyo ndani yake maneno ya Kiingereza yamepangwa safu mbili kama askari gwarideni, neno la kigeni kushoto na tafsiri yake kulia.

Simlaumu mzazi, kwa kuwa hofu yake ina sababu. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, mtoto wa shule ya serikali husoma hesabu, sayansi na historia kwa lugha anayoiota usiku, na Kiingereza hukutana nacho kama somo moja miongoni mwa masomo. Kisha, afikapo kidato cha kwanza, somo lile lile hugeuka likawa mlango wa takriban masomo mengine yote, na asiye na ufunguo hubaki barazani akisikia sauti za walio ndani. Mzazi anayemtafutia mwanawe ufunguo huo amefanya wajibu wake. Ugomvi wangu ni na kitini, ambacho kinauzwa kwa jina la ufunguo ilhali aghalabu ni mchoro wa ufunguo tu.

Mjukuu wangu alikuja nacho kimoja nyumbani kwangu, akakaa barazani na kukikariri kwa sauti, na kwa kuwa nilikuwa sina kazi ila kumsikiliza, nilimwomba anitungie sentensi kwa neno «abundant», ambalo kitini kilisema maana yake ni «tele». Akaandika kwa Kiingereza kwamba yeye ana kaka abundant.

«Kaka zako wangapi?» nikamwuliza.

«Wanne, babu.»

«Na wanne ni tele?»

«Mama husema ni tele, babu.»

Nikacheka, lakini nilipokwisha kucheka nilitafakari. Mtoto hakukosea tafsiri, maana tele ni tele; alichokosa ni kule kujua kwamba neno hilo hupenda kukaa na mvua, mavuno na samaki, wala halizoei kuhesabu ndugu. Ukurasa wa pili palikuwa na neno «reluctant», limefasiriwa «mwenye kusita», naye alilikariri jioni nzima na asubuhi yake likawa limemtoka. Siku chache baadaye tulikuwa tukivuka kwenda Kigamboni, na mbele yetu kijana mmoja alikuwa akimvuta mbuzi kumpandisha pantoni; mbuzi akakita miguu yote minne, akainamisha kichwa, kamba ikamkaza shingo, na kila hatua aliyopiga ilikuwa hatua ya kulazimishwa. Mjukuu wangu akanishika mkono akasema, «Babu, yule mbuzi ni reluctant!» Tangu siku ile neno hilo halijamtoka, na sidhani kama litamtoka, kwa kuwa sasa lina pembe na kwato.

Hoja yangu basi ni hii: msamiati wa Kiingereza hujengwa juu ya msingi wa lugha ambayo mtoto anayo tayari, na mzazi anayemwambia mwanawe akisahau Kiswahili kwa muda ili Kiingereza kipate nafasi kichwani, anamwamuru fundi avunje msingi kwanza ili apate mahali pa kusimamishia nyumba. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwamba katika jambo hili mwacha asili hata huo utumwa haumfai kitu, maana atazikosa lugha zote mbili.

Tazama jinsi maneno yetu yanavyoishi kwa ukoo. Mtoto wa darasa la saba anajua kitabu, anajua maktaba, anamjua katibu wa kijiji, amesikia habari za katiba, na baba yake amewahi kutia sahihi mkataba. Maneno matano yaliyotoka katika tumbo moja la Kiarabu, lenye maana ya kuandika. Hakufundishwa nasaba hiyo, lakini mwonyeshe mara moja utaona macho yake yanavyong'aa. Akishaiona, mpe shina la Kilatini «port», lenye maana ya kubeba, ambalo Kiingereza kimelirithi, umwambie awatafute wana wake: «transport» hubeba kutoka huku kwenda kule, «import» huleta ndani, «export» hupeleka nje, «portable» ni kile kibebekacho, na «porter» ni mchukuzi. Kitini kingemwuzia maneno hayo matano kwa bei ya matano. Ukoo umempa yote kwa bei ya moja, na wa sita atakapokutana naye ndani ya chumba cha mtihani, hatakuwa mgeni kabisa.

Zaidi ya hayo, baadhi ya maneno ya Kiingereza ni binamu zetu wa damu. «Sugar» na sukari, «coffee» na kahawa, vyote vimetoka katika vinywa vya Waarabu, kimoja kikipita Ulaya na kingine kikija kwetu kwa jahazi. «Tariff» ya forodhani ni jamaa ya taarifa na maarifa. «Magazine», ambalo asili yake ni ghala, ni jamaa ya hazina. Na «safari» Waingereza wameitwaa kwetu nzima nzima wala hawakuibadilisha herufi. Mtoto akijua hivi, huacha kukiendea Kiingereza kama mwombaji mlangoni pa tajiri, akakiendea kama mtu aliyekuja kudai sehemu yake ya urithi.

Lakini ukoo una hadhari zake, na hapa ndipo orodha ya safu mbili inapomponza mtoto kuliko pote. Aliyekariri kwamba «take» ni kuchukua, akaishia hapo, atafanya nini akikuta kwamba Mwingereza hutumia neno hilo hilo kwa dawa ambayo sisi tunainywa, kwa picha ambayo tunaipiga, kwa basi tunalolipanda na kwa mtihani tunaoufanya? Wala jambo hili si geni kwake, lau mwalimu angemkumbusha, kwani yeye mwenyewe kila siku hupiga mswaki, hupiga pasi, hupiga hodi, hupiga mbizi na hupiga magoti, na katika yote hayo hakuna hata mmoja aliyepata jeraha. Neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Kwa hiyo mtoto asiandike daftarini mwake neno pweke, bali aliandike pamoja na sentensi aliyolikuta ndani yake.

Kisha lipo suala la maneno gani yajifunzwe kwanza. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa orodha ya maneno takriban 2,000 yenye matumizi mapana, ambayo ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya ukurasa wowote wa kawaida. Na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichuja koo nyingine 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya kitaaluma. Hizo nazo ni orodha, sikatai, lakini zilitungwa kwa kuhesabu yanayotumika, hazikutungwa kwa kuwinda yanayotisha. Vitini vyetu hupenda yanayotisha: humfundisha mtoto «ubiquitous» na «magnanimous», ilhali bado anajikwaa katika «although» na «unless». Mpe swali lisemalo dirisha lisifunguliwe unless mvua inanyesha, uone ni wangapi watakaolifunga mvua ilipo na kulifungua isipokuwapo. Neno dogo lile, lisilo fahari yoyote, ndilo limebeba maana yote ya swali.

Kuhusu muda, kukariri katika wiki tatu za mwisho ni kumwaga maji katika pakacha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya yeye mwenyewe mwanafunzi wa majaribio yake, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunayoyakariri huanza kutupotea mapema mno, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hushinda marudio mengi ya siku moja. Watoto wa vyuo vya Kurani katika pwani yetu hawakumsoma Ebbinghaus, lakini desturi ya kudurusi wanaijua: somo la jana husomwa kwanza mbele ya mwalimu ndipo la leo lifunguliwe. Maneno matano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni maneno 30. Wiki 40 zikipita, ni maneno 1,200. Bandu bandu humaliza gogo, na gogo hili linataka shoka lianze kazi Januari ya darasa la saba, wala lisingoje Septemba.

Wakubwa wa shule nao wana sehemu yao katika kosa hili, maana kitini hufuata mtihani kama kivuli kifuatavyo mti. Shule ikiuliza maana za maneno pweke, tuisheni zitauza maneno pweke. Ikimpa mtoto hadithi fupi na kumwuliza kwa nini mwenye shamba alikasirika, tuisheni zitalazimika kuwasomesha watoto hadithi. Mtoto aliyepita mlango wa kwanza kwa maneno 200 ya kukariri atakaa mwezi wa Februari mbele ya kitabu cha Baiolojia, akiwa na «magnanimous» mkononi, asipate hata mahali pamoja pa kuliweka.

Mzazi asiyejua Kiingereza hudhani kwamba hana la kufanya ila kulipa. Mama wa huyu mjukuu wangu hukaanga mihogo jioni kwa ajili ya biashara, na Kiingereza chake hakipiti salamu. Nilimshauri amwambie bintiye asome kila jioni ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiingereza, kisha amsimulie kwa Kiswahili pale pale jikoni. Juzi niliwakuta katika kazi hiyo. Binti alikuwa akisimulia: mvuvi alifika ufukweni, akaufunga mtumbwi, akatazama mawingu, halafu akafanya kitu fulani, akaenda zake.

«Kitu gani?» mama akauliza, bila ya kuinua macho kutoka katika karai.

Binti akanyamaza, akanyanyuka, akaenda kukifungua kitabu tena.