Kijana na maumivu ya mgongo: eti ni uvivu?

Wadau, kuna kauli inanikera sana huku Bariadi. Kijana wa miaka 15 akisema mgongo unamuuma, anajibiwa: "Wewe una mgongo gani? Hayo ni maradhi ya wazee." Mjadala umefungwa. Kesho asipokwenda shamba, ni mvivu.

Hebu tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ukiacha ndoo yenyewe. Binti wa kilo 40 akijitwisha, amebeba nusu ya uzito wake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri begi la shule lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Huyu wetu yuko kwenye 50, na safari ya kisimani si moja. Bado hajashika jembe la mkono kwenye palizi ya pamba.

Mjini kuna kijana mwingine. Akitoka darasani anajitupa kwenye kochi, shingo kaiinamisha kwenye simu mpaka usiku wa manane. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Huyu ushauri unamfaa: aweke simu chini, akacheze mpira.

Lakini ukimwambia binti wa ndoo afanye mazoezi, unamtania. Dawa yake ni maji karibu na nyumbani, ndoo ya lita 10, na kaka zake nao wakachote. Hilo la mwisho halisubiri bajeti ya serikali.

Kuna zito zaidi. Maumivu yanayodumu wiki kadhaa, yanayomwamsha usiku, yenye homa, kukonda au miguu kukosa nguvu, si ya kuchua na kusahau. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na kikicheleweshwa kinaweza kumwachia mtu kibyongo au kumpooza. Kinatibika, na dawa zake hapa nchini ni bure. Anayemwita mgonjwa mvivu ndiye anayemchelewesha.

Kwa hiyo wewe uliyeko Dar au Mwanza, ukisikia mdogo wako kijijini analalamika mgongo, usicheke. Muulize anabeba nini, anakaaje, na yameanza lini. Kisha mtumie nauli ya hospitali.

Nawasilisha.